Kanda Kibogoyo

Wewe uliyelishika daftari hili, tafadhali. Sijui wewe ni nani wala limekufikiaje, lakini kabla hujafungua ukurasa wa pili nakuomba: haya yaishie kwako. Usimsomee mtu, usimsimulie mtu, hata kwa utani, hata kama utaficha majina. Majina nimeshayaficha mwenyewe. Naandika kwa sababu nisipoandika silali, na mjomba wangu akijua kwamba nimeandika kuwa duka lake linakufa, atavunjika vipande ambavyo sitaweza kuviokota.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Imeingia dukani kabla ya mteja yeyote, kupitia pale pale juu ya rafu ya filamu za mapigano. Mjomba ameweka ndoo akasema, "Angalau kuna kinachoingia." Nilicheka, yeye hakucheka, ikabidi nipunguze kicheko kidogo kidogo mpaka kikaisha.

Dukani kwetu kuna maneno hayatamkwi. Kufa halitamkwi. Kufunga halitamkwi, jioni tunasema "tunapumzisha mlango." Mteja asiporudisha kanda ya video aliyoikodi, tunasema "bado anaitazama." Kuna watu wanaitazama filamu moja tangu niko shule ya msingi. Na duka la ng'ambo ya barabara, ambako kijana mmoja anajaza filamu kwenye simu na flashi za watu, halitazamwi kabisa. Mjomba humwita Jaza, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya chungwa. Mimi pia simpendi. Spika yake inaimba kutwa nzima kana kwamba kuna sherehe.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Hakuna mtu.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Mtu mmoja, naye alikuja kujikinga. Mjomba akamtolea filamu tatu, moja akamsimulia mpaka karibu na mwisho ili amwachie hamu. Mvua ilipokatika yule mtu akasema, "Basi mzee, nitaitafuta kwenye simu." Mjomba akamshukuru. Akamshukuru kwa moyo kabisa, hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 9 Machi

Siku nzima nimefuta vumbi kwenye majalada. Mjomba alitupokea mimi na mama nikiwa mdogo, na shule nimesomeshwa na rafu hizi. Nilipomaliza chuo cha uhazili nikazunguka ofisi zote na vyeti vyangu kwenye bahasha mpaka bahasha ikachanika kona. Mjomba alisafisha upande mmoja wa kaunta, akaweka kioo juu yake, akasimamisha kalamu kwenye kikombe. "Karani wangu," akaniambia, "ofisi yako hii."

Zamani Jumamosi foleni ilifika kwa kinyozi. Mtu akikodi filamu, amekodi jioni ya mtaa mzima: watoto chini, wakubwa vitini, majirani madirishani. Leo mke na mume wamelala kitanda kimoja, kila mmoja na filamu yake masikioni. Mjomba anasema ni homa, itapita. Mimi namwangalia anavyosema na moyo unanienda mbio, kama ninavyokuwa nikimwona mtoto amepanda juu ya kiti kinachoyumba.

Jumatano, 11 Machi

Mteja wa kweli. Ni Mama Cherehani, anayeshona kwenye kibaraza barabara ya nyuma yetu. Sare zangu zote za shule alizishona yeye. Alileta kanda imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha bitana.

"Karani, mnahamisha kanda kwenda kwenye flashi?"

"Tunahamisha, mama."

"Mungu akubariki. Mwanasheria wa msaada ameniambia niipeleke kama ushahidi. Nikaenda nayo mahakamani, karani wa kule kaniuliza, mama, hiki ni nini? Nikamwambia kanda, tafuta deki. Kaniuliza, deki ndiyo nini? Kijana wa umri wako, na tai shingoni!"

Tulicheka, kisha akanieleza, na kicheko kikaisha. Ni kanda ya harusi ya binti yake. Baba mkwe wa Mama Cherehani, ambaye sasa ni marehemu, alisimama siku ile mbele ya watu akampa yeye, mkwe mjane, vyumba viwili vya nyuma na kibaraza anachoshonea. Sasa kaka wa mumewe anataka kumtoa. Kesi itasikilizwa tarehe ishirini na saba Aprili.

"Waliokuwepo siku hiyo si watasema, mama?"

"Wengine wamekufa. Wengine wamehama. Waliobaki wamepanga kwa huyo huyo shemeji yangu. Nani atafungua mdomo?"

Nilipitisha kidole mgongoni mwa kanda, kama ninavyofanya kwa kila kanda. Kila moja ina jino dogo la plastiki pale. Jino likiwepo, deki inakubali kurekodi juu yake. Ukilivunja, deki inakataa. Kanda isiyo na jino sisi huiita kibogoyo, na hii ilikuwa kibogoyo. Mpiga picha wa ile harusi alijua kazi yake.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Hii ni kibogoyo. Kibogoyo hafutiki."

"Basi imefanana na mwenyewe," akasema, akanionyesha pengo lake.

Sikumwambia kwamba kibogoyo ana dawa yake. Ukibandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya lile tundu, deki inadanganyika. Mjomba huita kumvalisha meno. Aliwahi kuzivalisha filamu chache ambazo hakuna aliyezitaka, akarekodia mpira. Sikuona sababu ya kumtia mama wa watu hofu.

Alhamisi, 12 Machi

Kuhamisha kanda hakuna njia ya mkato. Urefu wa harusi ndio urefu wa kazi. Kwanza naitazama bila kurekodi, nione kama ina ukungu. Haikuwa nao. Harusi yenyewe nzuri, watu wengi, mvua kidogo juu ya turubai. Katikati mzee mmoja mwembamba akasimama, akashika maikrofoni kichwa chini, mtu akamgeuzia, watu wakacheka. Akangoja wamalize. Kisha akasema:

"Mimi nimezeeka, na nasema mbele yenu ili msiniongezee wala msinipunguzie. Huyu mkwe wangu amenifulia, amenipikia, ameniuguza, na mumewe, mwanangu, yuko kaburini. Vyumba viwili vya nyuma na kibaraza cha cherehani ni vyake. Sikusema akae. Nimesema ni vyake. Mwanangu mkubwa uko wapi? Umesikia?"

Kamera haikugeuka. Sauti tu, nzito, kutoka pembeni: "Nimesikia, baba." Makofi, vigelegele.

Hapo hapo umeme ukakatika. Nilikaa gizani na uso wa mzee bado uko machoni mwangu. Nitahamisha kesho.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika harakaharaka, unisamehe mwandiko.

Mwenye jengo letu alikuja asubuhi. Tunamwita Bwana Futi, kwa sababu haachi kupima. Ana futi ya chuma inayojirudi yenyewe, na siku hizi kila akipita anapima kitu. Hasemi anapimia nini. Mjomba humkaribisha, humpa kiti, halafu hubaki amesimama yeye.

Leo Bwana Futi alikuwa nyuma ya rafu, nami nimesahau kabisa kuwa yupo. Nilitaka kumchangamsha Mjomba. Tuna mchezo wetu tangu utotoni: wateja walikuwa wakija na kusema, "Nataka ile filamu mtu anasema hivi na hivi," nasi lazima tujue, kwa hiyo alinizoesha kushika maneno nikiyasikia mara moja. Nikamwigizia mzee wa kanda. Nikashika kijiko kama maikrofoni, kichwa chini, nikakigeuza. Mjomba akaanza kutabasamu, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nikaenda na igizo mpaka mwisho: "Mwanangu mkubwa uko wapi? Umesikia?"

"Nimesikia," ikajibu sauti nyuma ya rafu.

Ni ile ile ya kwenye kanda. Imezeeka kidogo, lakini ile ile.

Futi ikajirudi, tap. Bwana Futi akatokea anafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Rudia, binti. Una kipaji."

Kijiko nilikuwa nimekishika bado.

"Hiyo kanda iko hapa?" akamuuliza Mjomba.

Mjomba aliniangalia mimi, akaangalia ndoo, akasema, "Ipo."

Wakatoka wakasimama chini ya upenu. Mvua ilikuwa kubwa, sikusikia neno. Niliona tu mjomba wangu anatikisa kichwa kukataa, anatikisa tena, kisha amesimama kichwa kimetulia.

Jumamosi, 14 Machi

Mjomba amesema umeme ni wa wasiwasi, ile kanda ataishughulikia mwenyewe. Amenirudisha nyumbani mchana. Hajawahi kunirudisha nyumbani Jumamosi.

Jumatatu, 16 Machi

"Ile kanda ya Mama Cherehani imeharibika," Mjomba aliniambia, macho kwenye mashine ya kurudishia kanda mwanzo. "Ukungu. Mrudishie, mwambie pole."

Niliichukua. Kidole changu kikapita mgongoni chenyewe, kwa mazoea, na pale penye tundu kikanata.

Gundi ilikuwa imebanduliwa, lakini ulimbo wake ulibaki, umeshika vumbi. Nilingoja Mjomba aende kula. Nikaiweka kwenye deki.

Bluu. Hakuna picha, hakuna sauti, bluu ya deki isiyounganishwa na kitu. Nikaipeleka mbele, bluu. Bi harusi, turubai, mvua juu ya turubai, watu waliocheka maikrofoni, wote wako chini ya bluu. Nilikuwa karibu kuizima, mara ile rangi ikapasuka mistari na watu wakatokea. Wanapiga makofi. Mwanamke mmoja anapiga vigelegele, mwingine anafuta machozi, wote wanatazama upande mmoja ambako mtu ameshakaa. Mjomba alizima mapema mno. Maneno yamefutwa, makofi yamebaki.

Niliirudisha nikatazama tena yale makofi. Nilipogeuka, Mjomba alikuwa mlangoni.

"Umemvalisha meno, Mjomba."

"Punguza sauti."

"Kuna mteja gani wa kutusikia?"

Nilijuta kabla sijamaliza kulisema. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akiwa na koti la mvua bado.

"Alitaka kuubomoa ukuta huu, mpwa wangu. Ameshapima kila kitu, hukumwona? Sasa habomoi. Amenipa neno lake. Nitabaki hapa mpaka nichoke mwenyewe."

"Na Mama Cherehani?"

"Yule ana mikono yake. Fundi hakosi pa kuweka cherehani. Mimi nikitoka hapa, haya nitayaweka wapi?" Akaonyesha rafu, moja moja, kama mtu anayeonyesha watoto. "Watu watavichoka vile vioo vidogo. Watarudi. Lazima wanikute."

Ningepaswa kujibu. Nina cheti cha uhazili, nina alama nzuri za insha. Nilichukua kile kitambaa cha bitana, nikaifunga kanda vizuri, nikakunja kona.

Jumanne, 17 Machi

Alikuja mwenyewe, mwavuli umevunjika bawa moja.

"Imeharibika, mama. Pole sana."

Aliishika bila kuifungua. "Imeharibikaje? Uliniambia kibogoyo hafutiki."

"Ni mvua, mama. Unyevu."

"Kabati langu linavuja miaka yote, haikupata unyevu. Imekuja kuupata kwenu?"

Mjomba alikuwa nyuma, nilisikia anapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mvua inajua kuchagua siku hizi," akasema Mama Cherehani. "Asante, karani." Alivyolitamka karani, nilitamani anitukane tu.

Jumatano, 18 Machi

Mvua.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Mjomba ananunua andazi, ananigawia nusu kubwa. Nakula huku siwezi kumtazama mikono.

Jumatano, 25 Machi

Nimevuka barabara. Nilisema naenda kununua kalamu.

Duka la Jaza ni finyu kuliko letu. Kompyuta moja, kiti kimoja, ndoo moja chini ya paa, kama yetu. Spika ile ya kelele ina ufa umezibwa kwa plasta ya kidonda.

"Karibu dada wa jirani! Leo jua limetoka wapi?"

Nilimuuliza kama kanda iliyorekodiwa juu inaweza kurudishwa. Aliacha utani.

"Kwenye flashi ukifuta, mara nyingine nafufua. Kanda ikiandikwa juu, dada, imekwenda. Mtu kapaka rangi juu ya rangi." Akaniangalia. "Ni ya mama wa kibaraza? Alipita hapa analia, akaniuliza hivyo hivyo."

Hakunibana. Akaanza kuniambia kwamba filamu ya kwanza maishani mwake alikodi kwetu, amepanda kwenye kreti ili Mjomba amwone.

"Anadhani mimi namuua. Mimi? Nani ananijia sasa? Wenye intaneti nyumbani wameshanisahau. Mwakani na mimi nitakuwa nasema watu watarudi." Alicheka. Ameng'oka jino la pembeni, sikujua, sijawahi kumtazama usoni.

Ijumaa, 3 Aprili

Bwana Futi alikuja Mjomba akiwa msalani. Alipima urefu wa kaunta yangu, akasoma kipimo kwa sauti, kisha akasema kwa upole ule ule:

"Binti msomi. Bado unashika maneno ya watu?"

"Hapana, baba."

"Vizuri. Usahaulifu ni afya. Mama yako bado anapita njia ya darajani akitoka usafi wa hospitali? Pale panateleza sana msimu huu."

Akaondoka. Nilikwenda kumsubiri mama kwenye geti la hospitali. Alifurahi, akafikiri ni mapenzi tu.

Jumatano, 8 Aprili

Mafundi wawili walikuja na nyundo na chokaa, wakapiga alama ya msalaba kwenye ukuta wa rafu ya filamu za mapenzi. Nyuma yao Bwana Futi na mtu mwenye kadi shingoni. Itakuwa ofisi ya kampuni ya simu, duka letu na chumba cha pili yake kuwa kimoja. Tuwe tumetoka mwisho wa mwezi.

Mjomba alidhani ni makosa. Alicheka hata. "Hapana, hapana, bwana mkubwa, huu ukuta tulishauzungumza. Ulinipa neno lako."

"Neno gani?"

"Pale upenuni. Mimi na wewe."

"Liko wapi hilo neno, mzee? Umeliandika? Una shahidi?" Akaipandisha miwani. "Una kanda?"

Mafundi walicheka, hawajui walichokicheka. Mjomba alikaa kwenye kiti cha wageni. Nilimletea maji. Alishika glasi mpaka yakawa ya uvuguvugu, hakunywa.

Nilidhani sasa atakwenda mwenyewe kwa Mama Cherehani. Nilimngoja asimame. Jioni alisema, "Tupumzishe mlango."

Jumanne, 14 Aprili

Mkulima wa mpunga amenunua rafu mbili nzima. Hana deki; anataka utepe wa ndani. Anaufunga kutoka mti hadi mti juu ya shamba, upepo ukiutikisa unalia na kung'aa, ndege wanakimbia. Alikuja na magunia.

"Ngoja," Mjomba akamwambia. "Hazijarudishwa mwanzo."

"Mzee, mimi naenda kuzikata."

"Haitoki kanda hapa haijarudishwa."

Akazirudisha moja moja kwenye mashine, mkulima anasonya, mvua inanyesha. Kila ikimaliza, aliipangusa na kuisoma jina kabla ya kuitia guniani. Nilimpenda mjomba wangu saa ile kuliko wakati wowote, na nilimwogopa, maana niliona kwamba huyu mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa kila kitu isipokuwa kwa mtu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Rafu tupu zinatoa mwangwi. Nikikohoa, duka linakohoa.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilimwambia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisikwame, na nilikwama vile vile.

"Mjomba, twende tukaseme. Amekudanganya, huna tena cha kukilinda."

"Nikaseme nini? Kwamba niliaminiwa kanda ya watu nikaifuta? Mimi, mwenye duka la kanda?"

"Basi nitakwenda mimi."

"Nimekubaliwa kazi," akasema. "Ulinzi. Hapa hapa, kwenye hiyo ofisi mpya, nitakuwa getini. Nimeambiwa nikaseme tu kwamba kanda ililetwa imelowa." Akanishika mkono kama nilipokuwa mdogo tukivuka barabara. "Usiende, mama. Tutabaki na nani, mimi na wewe?"

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda kibarazani. Nilipita pale mara nyingi kabla sijapanda, mpaka mbwa wa jirani akaacha kunibwekea.

Nilimwambia yote: gundi, bluu, upenuni, na kwamba ni mimi niliyeyatamka yale maneno mbele ya shemeji yake, kwa mzaha, na kijiko. Hakuacha kushona. Mguu wake ulikanyaga taratibu, kitambaa kikapita.

"Kwa hiyo siku ile ulijua."

"Nilijua, mama."

"Ukaniambia mvua."

"Ndiyo, mama."

Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno ya upande mzima. "Alisemaje? Nimesahau mpangilio wake. Nakumbuka kwamba alisema, lakini sauti yake imenitoka."

Nikamwambia. Sikuigiza. Niliyasema maneno kama yalivyo, na nilipofika kwenye "ameniuguza" aliweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani likasimama.

"Hayo hayo," akasema baadaye. "Kayaseme mbele ya hakimu."

"Naogopa, mama."

"Najua. Mwili wote unaogopa, nakuona. Uoga ni wako, sikunyang'anyi. Njoo nao."

Ijumaa, 24 Aprili

Kuna mtu wa pikipiki kwenye kona yetu. Hapakii abiria. Jana alikuwepo, leo yupo, mvua inamnyeshea na hajikingi. Mama alipotoka kazini, yule mtu alimfuata mpaka darajani, akazima taa. Mama alikimbia, akaanguka, goti limevimba. Alitoa sanduku chini ya kitanda akaanza kukunja nguo.

Jumamosi, 25 Aprili

Duka limefungwa. Naliandika neno lenyewe. Mjomba alibeba mashine ya kurudishia kanda kichwani, akafunika kwa nailoni, yeye mwenyewe akalowa. Hakuniaga kwa sababu hajui kwamba sirudi.

Mwanasheria wa Mama Cherehani, daftari hili atakuletea kijana anayejaza simu. Msomaji mwingine yeyote nilimwomba siri. Wewe nakuomba usome mpaka hapa. Mzee ni marehemu, picha yake iko chini ya bluu, na wapangaji wa Bwana Futi hawatasema. Nje ya mteja wako na shemeji yake, aliyeyasikia yale maneno na yuko tayari kuyatamka ni mimi peke yangu. Jumatatu mjomba wangu atasimama upande wa pili aseme kanda ililetwa imelowa. Sitaweza kumtazama. Niulize maswali ukiwa umesimama katikati yetu.

Kunipata ni hivi. Usinipigie, laini nimeivunja. Usije nyumbani na usimuulize mjomba wangu. Nenda kwa yule yule kijana kama mteja wa kawaida, mchana, watu wakiwepo. Mwambie simu yako imejaa na unataka akupunguzie. Atafunga duka akupeleke kwa dada yake, msusi, nyuma ya kituo cha mafuta. Usipite mbele, pita upande wenye tangi la maji, kuna dirisha lenye wavu uliochanika. Gonga hapo. Nisipoitika usiondoke, nitakuwa nasikiliza kama uko peke yako. Ukija na Mama Cherehani mwache aseme yeye kwanza, sauti yake naijua. Mama yangu hawezi kutembea haraka, kwa hiyo njoo na gari, hata la kukodi, na liingie kwa nyuma.

Ukishindwa kuja, Jumatatu nitakuja mwenyewe kwa njia ya sokoni penye watu wengi, nimevaa koti la mvua la mama, la kijani, kubwa kwangu. Ngoja kwenye ngazi za mahakama unitazamie. Wakiita jina langu na mimi sijafika, usikubali iandikwe kwamba shahidi ameghairi. Mwambie hakimu anitafute, na aanzie darajani.